Jinsi ya kuwawekea wazee wa baraza muvi ya mabondia wazee na wasikuondokee katikati

Me hii nimeifanya Ngamiani, Tanga, kwenye baraza letu la kahawa, mara ya kwanza ikabuma mara ya pili ikakubali, so nawapa njia.

Muvi yenyewe ni Grudge Match ya 2013, Stallone na De Niro. Inatoka Stallone ana miaka 67 na De Niro 70, yani wazee kweli sio vijana waliopakwa unga kichwani. Mabondia wawili wa Pittsburgh kule Marekani, enzi zao kila mtu alimtandika mwenzie mara moja, pambano la tatu la kumaliza ubishi Razor (ndo Stallone) akastaafu ghafla halikupigwa, miaka 30 baadae ndo promota (Kevin Hart, huyo mwenye mdomo) anawarudisha ulingoni.

Weka baada ya Isha, ni kama saa moja na dakika 53, ukianza saa tatu kasoro unamaliza kabla watu hawajaanza kusinzia. Kahawa na kashata ziwepo kabla, sio mtu anainuka kufuata kikombe.

Sasa kutafsiri, hapa ndo nilipochemka. Nilikuwa natangaza ngumi, "anapiga kushoto, anapiga kulia", babu mmoja akaniambia mjukuu wangu ngumi naiona, niambie huyo kasema nini mbona mwenzie kanuna? Kweli bana. Utamu wa hii muvi ni maneno, wazee wanavyochambana, ni utani kabisa kama wa barazani. Kwahiyo ulingoni nyamaza, wakianza kurushiana maneno ndo ushike kazi, na usitafsiri neno kwa neno, tafuta la kwetu linalouma vilevile. Kuna matani ya chumbani pia, kama baba mkwe yupo rimoti isikae mbali.

Kabla hujabonyeza plei wape kidogo habari za Rocky ya 1976, yale mayai mabichi na kupiga minofu buchani, sababu huku Stallone anajitania mwenyewe na asiyejua atabaki anakodoa. Wakiingiza ubishi wa mabondia wetu wa zamani, Rashid Matumla na Maneno Oswald, waache, stopisha, dakika tano tu zinatosha wamepasha moto.

Ikifika habari ya jicho la Razor usiseme kitu. Kwetu mzee mmoja alibaki na kikombe kimeganda karibu na mdomo mpaka kahawa ikapoa.

Na majina yakianza kupanda mwishoni USIZIME. Wangu walishasimama wanatafuta kandambili gizani, mara kwenye skrini wakatokea Tyson na Holyfield wenyewe, wale wa 1997 Tyson alipomng'ata mwenzie sikio ulingoni, wote wakarudi kukaa, mmoja kavaa kandambili ya mwenzie.