Kusanidi na Kusimamia Swichi za Mtandao wa Hifadhi ya Data

Mtandao wa hifadhi ya data unaotumia Fibre Channel, yaani teknolojia ya kuunganisha seva na diski zake kupitia swichi maalumu, hauna uvumilivu ule tuliouzoea katika mitandao ya kawaida ya ofisini, ambako pakiti ikipotea hutumwa tena na mtumiaji hata asijue. Seva ikikosa diski zake kwa muda mfupi tu, hifadhidata nzima inaweza kusimama. Ndiyo maana swichi hizi hupangwa katika fabriki mbili (mitandao miwili ya swichi inayojitegemea), A na B, zisizounganishwa kwa kebo yoyote, huku kila seva ikiwa na poti moja katika kila upande. Fanya mabadiliko upande mmoja kwanza, na usiguse wa pili hadi seva zote zionyeshe kwamba njia zake zote zimerudi. Amri ninazozitaja hapa ni za swichi za Brocade. Zile za Cisco MDS zina amri zake, ila mpangilio wa kazi haubadiliki sana.

Swichi mpya iandaliwe kabla haijaunganishwa na nyingine. Badilisha manenosiri ya kiwandani, ipe anwani ya IP ya usimamizi, kisha ielekeze kwenye seva ya saa, kwa kuwa kumbukumbu za matukio za swichi mbili zenye saa tofauti hazilinganishiki. Baada ya hapo ipe namba ya kikoa, iliyo kati ya 1 na 239 na isiyorudiwa ndani ya fabriki moja. Namba hii ndiyo biti 8 za mwanzo za anwani ya biti 24 ambayo kila kifaa hupewa kinapoingia, kwa hiyo swichi mbili zikigongana kwa namba, kiungo kati yao hutengwa. Kuibadilisha hufanywa kwa `switchdisable`, `configure`, kisha `switchenable`, na hatua ya kwanza huzima poti zote; usithubutu kuifanya kwenye swichi inayobeba kazi. Ikiwa swichi iliwahi kutumika kwingine, futa kanda zake za zamani (makundi ya vifaa vinavyoruhusiwa kuonana) ikiwa bado iko peke yake.

Kanda ndizo zinazoamua nani amwone nani, na hapa ndipo uangalifu wako wote unapohitajika. Kila poti ya kifaa ina jina lake la kudumu la biti 64, yaani WWN, linaloandikwa kwa tarakimu 16 za heksadesimali. Hakuna mtu anayeweza kusoma orodha ya majina hayo usiku wa manane bila kukosea, kwa hiyo kila jina lipewe lakabu inayoeleweka. Kisha tengeneza kanda yenye poti moja tu ya seva pamoja na poti za hifadhi inazozihitaji. Ukichanganya seva kadhaa katika kanda moja, zote hupata taarifa ya mabadiliko kila mojawapo inapowashwa au kuzimwa, na kosa la moja hugusa nyingine. Kwa seva mpya ya hifadhidata, ikiwa lakabu ya poti ya hifadhi, `hifadhi1_a0`, na seti ya kanda iitwayo `fabriki_a` tayari zipo, kazi itakuwa hivi:

`alicreate "db01_hba0", "10:00:00:90:fa:11:22:33"`
`zonecreate "z_db01_hba0", "db01_hba0;hifadhi1_a0"`
`cfgadd "fabriki_a", "z_db01_hba0"`
`cfgsave`
`cfgenable "fabriki_a"`

Amri ya mwisho ndiyo inayostahili kuogopwa. Haiongezi kanda moja kwenye zile zinazotumika, bali hubadilisha seti nzima katika swichi zote za fabriki hiyo. Ukiwasha seti isiyokamilika, seva zisizomo zitapoteza diski zake papo hapo. Kwa hiyo, kabla ya kuigusa, hifadhi nakala kwa `configupload`, kisha tumia `cfgshow` kulinganisha seti uliyoiandaa na ile inayotumika, kanda kwa kanda. Mimi huandika amri zote kwenye faili siku moja kabla na kumpa mwenzangu azisome; macho mapya huona herufi iliyorukwa. Hakikisha pia kwamba `defzone`, yaani kanuni inayotumika pasipo seti iliyowashwa, imewekwa kuwa `--noaccess`, la sivyo siku seti itakapozimwa kwa bahati mbaya, kila seva inaweza kuona diski za kila mwenzake na kuziandika.

Usimamizi wa kila siku hauhitaji mengi, lakini usiachwe. `switchshow` huonyesha poti zilizo hai, na `porterrshow` huonyesha hesabu za makosa. Hesabu hizo hujilimbikiza tangu zilipofutwa mara ya mwisho, kwa hiyo namba kubwa peke yake haina maana: isome, subiri, uisome tena, uone kama inapanda. Safu ya `crc g_eof`, yaani fremu (vifurushi vya data) zilizoharibika ambazo bado hazijawekewa alama ya ubovu, ikiongezeka, tatizo liko kwenye kiungo hichohicho. Ikipanda `crc err` pekee, fremu ziliharibika kwingine kabla ya kufika hapo. Katika hali ya kwanza, safisha ncha za kebo ya faiba, kisha badilisha kebo, na moduli ya SFP (kifaa kinachochomekwa kwenye poti ili kupokea kebo) iwe ya mwisho. Badilisha kimoja kwa wakati na usome hesabu upya baada ya kila hatua, maana ukibadilisha vyote pamoja hutajua kilichokuwa kibovu, na kitarudishwa kabatini kikiwa kama kizima.