Jinsi ya kumfanya mungu wa kike wa wakati asahaulike katika hadithi yako ya fantasia

Mpwa wangu yuko kidato cha tano. Likizo iliyopita alikuja kwetu Ujiji na daftari lenye kurasa sitini za hadithi ya fantasia. Ndani yumo mungu wa kike wa wakati, aliyesahauliwa na ulimwengu mzima kwa miaka elfu. Ana nywele za fedha, ameshika chupa ya mchanga, anakaa kwenye kasri la barafu. Nikamuuliza, "Mama, huyu kasahauliwa na nani? Ukurasa wa tatu muuza samaki anamtaja. Wa tano mfalme anaapa kwa jina lake. Wa saba watoto wanamwimbia."

"Mjomba, lakini si nimeshaandika mwanzoni kwamba amesahauliwa?"

Tulikaa barazani siku nne tukaibomoa na kuijenga upya. Ninaandika hapa tulivyofanya, pamoja na kosa langu la zamani lililonila wiki mbili nzima, maana naona vijana wengi wanalielekea.

Hatua ya 1: Vifaa

Daftari la hesabu, lile la viboksi. Penseli na ufutio. Simu ibaki chumbani.

Najua zipo programu za kutunga majina ya miungu. Ukibonyeza mara moja zinakutemea majina ishirini yenye X na vialama katikati, ambayo bibi yako hawezi kuyatamka hata kwa malipo. Sizipendi. Jina litakuja hatua ya tano.

Jambo dogo la maandishi: mungu wa hadithi aandikwe kwa herufi ndogo. Mtaani kwetu adhana inasikika mara tano kwa siku, na tangu nishike kanuni hii hakuna aliyenigombeza. Ukiwa nao wengi, amua mapema kama ni "miungu walikasirika" au "miungu ilikasirika", halafu usiyumbe.

Hatua ya 2: Mkatie kipande

Usimpe wakati wote. Wagiriki walikuwa na Chronos, yaani wakati, na Kronos, yule aliyewameza watoto wake, na tangu enzi zao wenyewe waliwachanganya kwa sababu majina yanakaribiana. Kitu kikubwa namna hiyo hakisahauliki, kinachanganywa tu.

Kiswahili kimeshakukatia vipande: muda, majira, zama, enzi, dahari, kipindi, kitambo. Sisi tulichukua kitambo, ule urefu usio na kipimo wa "hatujaonana kitambo". Mungu wetu anatawala muda ambao hakuna aliyeuhesabu.

Hatua ya 3: Kalenda (tafuta chai kwanza)

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi yenye ziwa na wavuvi. Miezi kumi na miwili, kila mmoja siku thelathini, kila kitu kimenyooka. Sura ya pili wavuvi wanatoka usiku wa mbalamwezi, maji yanang'aa, wanarudi na mitumbwi imejaa dagaa. Niliipenda sana sura ile. Nikaenda kumsomea mzee mmoja mvuvi pale Kibirizi. Hakusubiri nimalize.

"Mwalimu, hao ni dagaa gani wanaovuliwa mwezi mpevu?"

Mtu mzima wa Kigoma, na sikuwa nimefikiri. Dagaa wanavuliwa kwa taa: zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Kwenye giza taa inawavuta juu, wanakusanyika, wavu unainuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa yako haina ujanja. Siku hizo watu wanabaki nchi kavu wanashona nyavu, na sokoni dagaa wanaadimika. Yaani mji wangu unakwenda kwa mwezi wa angani, na mimi nimeandika kalenda ya ukutani ya benki.

Nikabadilisha. Mwezi unaandama kila baada ya siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo miezi inapishana, huu siku 29, huu siku 30. Kumi na miwili inatoa siku 354. Nikaweka sikukuu ya mvua za kwanza kwenye mwandamo wa mwezi wa kwanza, kipindi ambacho kwetu ni Novemba. Shujaa ana miaka saba. Sura ya tisa ana kumi na mitano, sikukuu ile ile: mvua inapiga bati, watoto wako kwenye matope. Nimeshaandika hadi sura ya kumi na mbili ndipo nikashtuka.

Mwaka wa jua ni siku 365 na robo. Wa mwezi unapungukiwa siku 11. Na hili si siri, Ramadhani inarudi nyuma mbele ya macho yetu kila mwaka. Miaka minane mara 11 ni siku 88. Sikukuu yangu ya mvua ilikuwa imerudi mpaka Agosti, wakati vilima vya huku vimeungua moto na vumbi limepaka kila jani rangi nyekundu.

Nikajaribu dawa ya kwanza, ambayo wewe pia utaijaribu: zile siku 11 nikazibandika mwisho wa mwaka. Jumla ikawa 365, nikalala kwa furaha. Asubuhi nikahesabu tena. Ukibandika siku 11 baada ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka unaofuata mwezi wa kwanza unaanza wakati mwezi wa angani una siku kumi na moja tayari, umekaribia kujaa. Wavuvi wangu wakarudi kuvua kwenye mbalamwezi. Nilimwona yule mzee akicheka hata kabla sijamsomea.

Dawa ya pili ni kuingiza mwezi wa kumi na tatu kila baada ya miaka miwili mitatu. Hii inafanya kazi; kalenda ya Kiyahudi inaingiza miezi 7 ndani ya miaka 19 na inakwenda vizuri. Kama hadithi yako haina mungu wa wakati, itumie uendelee na maisha. Ila kwetu inafunga ufa kati ya mwaka wa mwezi na wa jua, na ufa ndio tunaoutaka.

Dawa tuliyotumia: acha kalenda mbili ziishi pamoja. Wavuvi wana yao ya mwezi, wakulima wana yao ya jua. Mwaka mpya wa wavuvi unautangulia wa wakulima kwa siku 11, mwaka ujao 22, halafu 33, mpaka unazunguka wote na kukutana tena. Zikikutana, mkulima amehesabu kama miaka 32 na mvuvi amehesabu 33. Watu wawili waliozaliwa usiku mmoja, na mmoja ana mwaka ambao mwenzake hana.

Huo mwaka ni wa nani? Mpwa wangu aliacha penseli. Nami sikusema kitu, nikamwachia akae nao.

Tahadhari, kwa haraka:

Andika jedwali la miaka yote ya hadithi kabla ya sura ya kwanza. Yote. Kwenye viboksi.

Usiweke miezi miwili angani. Kila kijana anataka miezi miwili angani. Ukishindwa na mmoja, wa pili utakuua.

Amua siku inaanza lini. Kwa hesabu ya wazee wetu usiku unaitangulia siku, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwao ni ule wa kuamkia Ijumaa. Na saa zihesabiwe kwa Kiswahili. Niliwahi kusoma hadithi ambayo jua linachomoza saa kumi na mbili ukurasa wa kwanza na saa sita ukurasa wa kumi. Mwandishi alikuwa amehamia saa za simu yake bila kujijua.

Hatua ya 4: Sahau kidogo kidogo

Hapa wengi wanaleta vita, mahekalu yanachomwa, jina linapigwa marufuku. Kitu kilichopigwa marufuku kinakumbukwa kuliko vyote.

Waroma walikuwa na Anna Perenna, mungu wa kike wa mzunguko wa mwaka. Sikukuu yake ilikuwa tarehe 15 Machi, kwa sababu kale mwaka wao ulianza Machi. (Ndiyo maana Oktoba, ambayo jina lake linatokana na nane, ni mwezi wa kumi.) Watu walikwenda kando ya mto Tiber wakanywa, na kila mmoja aliomba miaka mingi kama vikombe alivyomaliza. Lakini mshairi Ovid alipotaka kueleza huyu Anna ni nani, alijikuta na simulizi kadhaa zisizopatana: mara ni mkimbizi wa kifalme, mara ni bibi kizee aliyewagawia maskini mikate. Ulevi ulibaki, mwenyewe akapotea. Mwaka 1999, watu walipokuwa wakichimba maegesho ya magari chini ya ardhi mjini Roma, ikaonekana chemchemi yake ikiwa na sarafu, taa, na vibati vya risasi vilivyoandikwa laana.

Fuata mtindo huo. Ibada ibaki, sababu ipotee. Na kalenda yetu imeshafanya nusu ya kazi: sikukuu ya mungu huyu inakuja kalenda mbili zinapokutana, mara moja kila miaka 32. Mfalme mmoja mpenda kodi aseme nchi nzima ifuate kalenda ya wakulima, sikukuu moja irukwe. Sasa wanaoikumbuka ni wazee tu. Irukwe ya pili, hao wazee hawapo. Hakuna aliyechomewa hekalu.

Ukitaka mfano wa karibu, hesabu siku za wiki. Jumatano ni ya tano. Inayofuata ni Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Kila wiki tunapita kwenye siku mbili za tano, na sijawahi kumwona mtu amesimama kushangaa.

Hatua ya 5: Jina na upatanisho

Jina lake ni Kitambo. Neno lile lile. Kila mtu katika hadithi analitamka mara kumi kwa siku na hakuna anayejua anamwita mtu.

Sasa sarufi inafanya kazi ambayo maelezo ya kurasa tano hayawezi. Kitambo *kimepita*: muda umekwenda. Kitambo *amepita*: kuna mtu kapita hapa. Siku watu wa ulimwengu wako walipoacha "a" wakashika "ki", ndiyo siku alipokufa. Huhitaji kuieleza. Tafuta mhusika mmoja mzee anayekosea ngeli. Mpwa wangu aliandika hivi, na nilimwonea wivu:

"Kitambo amepita hapa," bibi alisema, akikung'uta kipimo cha mawese.

"Kimepita, Bibi."

"Amepita. Hata chai hakunywa."

Angalizo moja. Kiswahili hakitofautishi "yeye" wa kike na wa kiume, kwa hiyo uke wake ni wa kwanza kufutika. Uuache kwenye kitu cha kushikika. Sisi tuliacha kanga: wavuvi wanafunga kanga kavu kwenye omo ya mtumbwi, ukiwauliza wanasema ni ya upepo. Msomaji mwenyewe atajiuliza tangu lini upepo ukajifunga kanga.

Hatua ya 6: Anakaa wapi

Kasri la barafu tulilitoa. Ziwa lipo. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na ukishuka kama mita 200 oksijeni imekwisha. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, yamekaa huko. Mtu wa kitambo akae wapi kwingine?

Na kama unataka aweze kurudi, jifunze kwa meli ya Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe hapa ziwani, lakini kwanza waliipaka injini grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kwa hiyo awepo mtu aliyemzamisha huku akimpenda. Nani, na grisi ni nini, hilo ni lako.

Hatua ya 7: Jaribu

Msomee mtu asiyejua chochote. Akikutajia mungu kabla ya nusu ya hadithi, punguza masalia yake, kama ile kanga. Matatu yanatosha, mpwa wangu alikuwa na kumi na manne.

Tulimsomea mama yangu, ambaye ameuza mawese sokoni maisha yake yote. Alisikiliza hadi mwisho akichambua mchele, hakuinua kichwa. Kwenye kanga akacheka, kwenye "hata chai hakunywa" akaomba irudiwe. Kisha akauliza, "Huyo mvuvi mwenye mwaka wa ziada, kodi ya mwaka huo alimlipa nani?"

Mpwa wangu akanitazama. Mimi nikatazama ziwa. Sasa hivi ninavyoandika yuko ndani na daftari la viboksi, amerudi hatua ya tatu.