Wikendi Kisumu na rafiki: anzeni na Dunga

Kama wewe na rafiki yako wa chanda na pete mnatoka Nakuru kwenda Kisumu wikendi, Jumamosi iacheni iwe ya ziwa. Fikeni Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria, mwendo wa saa kumi jioni, jua likishapoa. Chagueni samaki kwanza: ngege (tilapia) mmoja mkubwa anawatosha wawili kwa ugali na mboga. Bei hutegemea ukubwa wake, kwa hivyo elewaneni kabla hajaingia kwenye mafuta. Mkishaagiza, pandeni mashua huku mapishi yakiendelea, maana kungoja mezani huchosha. Ulizeni pia kama nauli ya mashua ni ya kila mtu au ya chombo kizima. Hapo ndipo wageni huumia. Jaketi za kujiokoa vaeni, hata kama mwenzako anajidai mwogeleaji. Jua huzama kabla ya saa moja. Viboko wakijitokeza, bahati yenu.

Usiku ni wa ohangla, muziki wa Waluo. Rudini kwa teksi, si kwa boda. Jumapili, soko la Kibuye hufurika mitumba. Kit Mikayi, ile miamba mikubwa iliyopandana, iko kilomita 30 hivi, barabara ya Bondo, ila msiilazimishe kama gari lenu linaondoka saa nane.