Kuwatofautisha keremkerem wawili wa bonde la Malagarasi

Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyokuwa ya kwanza Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, hupokea keremkerem (ndege walao nyuki) wakubwa wa kijani wenye manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Uvinza wengi huwaita wote keremkerem tu, lakini ni aina mbili: Merops persicus, wa mashavu ya buluu, na Merops superciliosus, wa Madagaska. Hata wataalamu waliwahi kuwahesabu kuwa spishi moja, kwa hiyo usione haya wakikuchanganya.

Hatua ya kwanza: jua liwe mgongoni mwako. Ukimtazama ndege wa kijani dhidi ya mwanga utaona kivuli cheusi tu.

Hatua ya pili: tazama utosi. Hapa ndipo ninapopategemea kuliko pengine pote. Wa Madagaska ana utosi wa kahawia uliofifia, na kijani cha mwili wake kimepooza. Mwenzake ni kijani kibichi mpaka utosini, ila paji la uso lina weupe. Subiri ainamishe kichwa. Akiwa na nyuki atainama tu: humgonga tawini, kisha humfikicha tumbo hapo hapo mpaka mwiba na sumu vitoke. Warina asali wa Tabora wana haki ya kumnung'unikia, ila wakumbuke kwamba hula pia nyigu na kereng'ende.

Hatua ya tatu: mstari mweusi unaopita jichoni umezungukwa na rangi gani? Juu na chini yake, wa Madagaska ana michirizi myeupe. Persicus ana buluu. Koo liache, wote wana wekundu wa kutu.

Hatua ya nne ni kalenda. Persicus huzaliana Afrika Kaskazini na Asia, akaja kwetu kati ya Oktoba na Aprili. Wa Madagaska huonekana zaidi Mei hadi Septemba. Tumia mwezi kama kidokezo, usiufanye hakimu, maana miezi ya kupishana unaweza kuwakuta wote.

Makinda ni kazi nyingine: mkia mfupi, rangi hafifu. Kama utosi haujakupa jibu, andika "Merops" pekee, pamoja na tarehe na mahali, na umpige picha ya ubavuni.