Vitu 23 kwa wakutubi: tulivyoviendesha kwa kompyuta kuukuu

Tulikuwa tisa katika maktaba moja hapa Mombasa, na mimi ndiye niliyesukumiwa kazi ya kuwafundisha wenzangu mambo ya mtandao. Nikapanga darasa la saa mbili asubuhi. Halikufika wiki ya pili. Mama wa dawati la kuazimisha anatoka Likoni, na feri haijui kwamba una kipindi. Mwingine zamu yake huanza mchana. Na mitihani ikikaribia, wanafunzi hujaa mpaka kwenye ngazi, nani atakwenda darasani?

Ndipo nikarudi kwenye mpango wa mwaka 2006 wa Helene Blowers, aliyekuwa akifanya kazi katika maktaba ya umma ya Charlotte, Marekani. Yeye hakuita darasa. Alichukua wazo la mkutubi mwenzake, Stephen Abram, la orodha ya mambo 43, akalipunguza likawa vitu 23, kila kimoja kikiwa jambo la kufanya kwa mkono wako, kwa wakati wako, kisha unaandika kwenye blogu yako ulichokiona. Waliomaliza walipewa kicheza MP3. Aliuachia mpango wake kwa leseni ya Creative Commons, inayowaruhusu wengine kuitumia kazi yako, ndiyo maana maktaba nyingi duniani zimeuiga bila kuomba ruhusa.

Hatua ya 1: Chuja orodha

Usiichukue ya 2006 ilivyo. Mengi yaliyomo yamekufa au yamebadilika. Andika kazi, usiandike jina la chombo: "fuatilia habari za tovuti tano bila kuzifungua moja moja", si "jifunze programu fulani". Hata Google Reader, ambayo watu waliizoea kama chai ya asubuhi, ilifungwa Julai 2013. Sisi tulibakiza vitu 12 na hakuna aliyelalamika.

Hatua ya 2: Tazama tarehe ya kila kompyuta kabla hujamwita mtu

Hapa ndipo niliposagika siku nzima, kwa hiyo nivumilie.

Jumatatu ya kwanza, baada ya umeme kukatika Jumamosi, kompyuta tatu kati ya tano zilikataa kila tovuti. Kivinjari kinasema muunganisho si salama. Nikalaumu waifai. Nikazima kisambazaji na kukiwasha. Nikapiga simu kwa watu wa mtandao, nikawekewa muziki. Mombasa ndipo zinapotua nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS tangu 2009, nami nimekaa hapo nikisikiliza muziki wa simu! Nikafuta kivinjari, nikakipakua upya kwa bando langu mwenyewe. Wapi.

Dalili mbili zingeniokoa kama ningezitazama. Kwanza, simu yangu ilikuwa kwenye waifai ileile na ilifungua kila kitu. Pili, katalogi yetu ya ndani ilifunguka vizuri hata kwenye kompyuta zilizogoma. Ukiona hayo mawili pamoja, achana na watu wa mtandao. Tazama pembe ya chini ya skrini. Yangu iliandika 1 Januari 2009.

Sababu ni hii. Kila tovuti salama ina cheti cha kidijitali cha kujitambulisha, chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta iliyolala 2009 inaona cheti ambacho hakijaanza, inakikataa. Na tarehe hupotea kwa sababu kibetri cha duara kwenye ubao mkuu, CR2032 cha volti 3, kimekufa. Umeme ukikatika, saa haina kinachoiendesha. Mafundi saa wanacho, na bei yake haifiki sahani ya biriani.

Kukibadilisha: zima, chomoa waya wa umeme kabisa, gusa chuma cha kasha kwanza, kisha kisukume kibetri pembeni kitoke. Kipya kiingie upande wenye alama ya + ukitazama juu. Lakini kama kibetri cha zamani bado kina uhai kidogo, ingia kwanza kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na upige picha kila ukurasa kwa simu. Mipangilio ikirudi ya kiwandani, Windows inaweza kukataa kuwaka kwa sababu aina ya muunganisho wa diski imebadilika, nawe utadhani umeua mashine. Mimi nilidhani hivyo, jasho likanitoka na pangaboi linazunguka.

Kisha weka tarehe kwa mkono, usingoje ijirekebishe yenyewe kupitia mtandao. Pengo la miaka ni kubwa mno kwake. Eneo la saa liwe Nairobi. Kama kompyuta ina mifumo endeshi miwili, Windows na Linux, pamoja, usishangae ikikosea kwa saa tatu kamili kila unapohama kutoka moja kwenda nyingine: Linux huihifadhi saa ya mashine kwa wakati wa dunia (UTC), ulio nyuma yetu kwa saa tatu, Windows kwa wakati wa hapa.

Na weka saa wewe mwenyewe. Nilimwomba mwenzangu mmoja arekebishe, ilikuwa saa tatu asubuhi, akaandika 3:00. Alikuwa sahihi kabisa kwa Kiswahili.

Jambo la mwisho: usimwonyeshe mtu yeyote kile kitufe cha "endelea hata hivyo". Kitamtoa kwenye shida ya leo, kesho atakibofya kwenye tovuti ya benki.

Hatua ya 3: Akaunti

Fungueni nyumbani, kila mtu na namba yake ya simu. Namba moja ikitumika kwa akaunti nyingi Google huikataa. Wikipedia nayo ina kikomo cha akaunti 6 kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao. Sisi wa saba, wa nane na wa tisa tulirudi kesho yake.

Hatua ya 4: Saa moja kwa wiki

Iandikwe kwenye ratiba ya zamu, na mwenye saa hiyo asiguswe hata kama foleni imefika mlangoni. Bila hilo, "kwa mwendo wako" maana yake ni kamwe. Maendeleo tuliyaandika kwenye kaunta buku juu ya meza ya chai. Nilishauriwa jedwali la mtandaoni, nikakataa: kitabu kila mtu anakiona akimega mahamri. Nywila zisiandikwe humo.

Hatua ya 5: Anza na milisho

Mlisho ni orodha ya habari mpya ambayo tovuti huitoa ili programu iifuatilie kwa niaba yako. Natumia Thunderbird, programu ya barua pepe inayosoma milisho pia, na sitabadilisha. Inaisoma bila akaunti ya barua pepe, na mtandao ukizima, vichwa vya habari ilivyokwisha kupakua vinabaki. Kama maktaba yenu inatumia Koha, ile programu huria ya maktaba iliyozaliwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000, tafuta "riwaya" kwenye katalogi kisha chukua mlisho wa matokeo. Kitabu kipya kikiingizwa, kinatokea chenyewe. Mama wa Likoni alipoona hivyo aliniuliza, "Sasa mwanangu, miaka yote hii mbona nilikuwa nawaandikia wasomaji vikaratasi?"

Hatua ya 6: Hariri Wikipedia ya Kiswahili

Ipo tangu 2003. Mpe kila mtu ukurasa wa mahali anapopajua. Mzee wetu wa chumba cha magazeti alichagua Fort Jesus, akataka kuandika habari za miaka ile ngome ilipokuwa jela, hadi 1958. Akaandika kwa vidole viwili. Nikamwambia aweke chanzo.

"Chanzo ni mimi. Nimezaliwa Mji wa Kale."

"Mzee, wanataka kilichochapishwa."

Akanitazama kama nimemvunjia heshima. Akainuka, akaenda rafu ya historia ya pwani, akakawia mpaka nikadhani ameenda zake. Alirudi na vitabu viwili, akapangusa vumbi kwa kofia, akafungua ukurasa bila kutafuta. Nilimwonyesha pa kuingizia tanbihi, akaingiza mwenyewe, akahifadhi.

Usisahau kumwonyesha mwanafunzi wako ile nyota ya juu ya kufuatilia ukurasa. Mzee huanza nayo kila asubuhi kabla hajapanga magazeti, kuona kama kuna aliyeigusa sentensi yake.