Kambare mla mti na namna ya kumvizia

Mama alipomchungulia samaki wangu ndooni alicheka: "Hongwe huyu ndiye uliyempakata kutoka Mombasa?" Ndiye. Nilipanda basi mpaka Mokowe, kisha boti hadi Lamu, ndoo mapajani.

Jina lake la kitaalamu ni Panaqolus maccus, kambare mdogo wa jamii ya pleko, wenye mdomo wa kunyonya, wa mito ya Venezuela na Kolombia. Hafiki sentimita 10. Mwili mweusi wa kahawia wenye mistari ya manjano. Ukimnunua asafishe ukungu wa kijani kwenye kioo, umepotea. Wala usimtie kwenye birika la kuwekea maji kama wazee walivyotia vile visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Yeye huguguna mti, na meno yake yana umbo la kijiko kwa kazi hiyo.

Basi anza na mti, na hapa ndipo nilipokosea. Nilichukua kipande cha boriti ya mkoko kwa muuza miti, nikakitumbukiza siku ileile. Asubuhi maji yalikuwa kama chai ya rangi. Rangi haidhuru; chumvi ya mkoko ndiyo adui, maana samaki huyu ni wa maji matamu. Kibandue ganda, kiloweke kwenye maji matamu, uyabadilishe kila siku kwa wiki kadhaa. Onja maji kwa ulimi. Ukisikia chumvi, endelea kuloweka. Usichukue boriti ya dari kuukuu iliyopakwa rangi au dawa ya mchwa.

Tangi la lita 60 linatosha. Kisima chetu kina chumvi, kwa hiyo hutumia maji ya mvua nikayachanganya na ya bomba yaliyolala ndooni usiku kucha. Kipasha maji cha nini, kwa joto letu hili? Nunua pampu ya hewa ya betri, kwani umeme ukikatika maji ya moto huishiwa hewa upesi.

Mti hupita tumboni mwake kwa saa chache tu, haumshibishi peke yake. Kila baada ya siku moja, jioni, nafunga kipande cha mumunye kwenye jiwe, nakizamisha, na alfajiri nakitoa kabla hakijaoza. Kinyesi chake ni kama vumbi la msumeno, tena kingi mno! Kivute kwa mpira wa maji mara mbili kwa wiki.

Kumwona ni kazi nyingine. Mchana hujibana chini ya gogo. Zima taa saa tatu usiku, funika tochi kwa leso nyekundu, keti bila kugonga kioo. Akipanda kiooni tazama tumbo: likibonyea ndani, hali vya kutosha. Kisha jicho. Kwenye mwanga, kilimi kidogo hushuka toka juu kikaziba mboni. Gizani hupanda, mboni ikawa duara. Mimi nilikesha siku kumi na moja kabla sijakiona kikipanda.