Jinsi ya kumfundisha mtoto kuhusu dhambi na msamaha wa Mungu bila kumtisha

Wengi wetu somo la dhambi tunalifundisha siku mtoto ametukera. Kavunja kitu, kamjibu mtu mzima vibaya, ndo unasikia "we, Mungu anakuona, utachomwa moto!" Hapo mtoto hajafundishwa dhambi hata kidogo, alichojifunza ni kwamba mama kakasirika na Mungu yuko upande wa mama. Kesho akikosea tena atajificha mama asione, na Mungu pia atamkimbia hivyo hivyo, wakati sisi tunataka akikosea amkimbilie.

Kwaiyo kabla ya mistari na hadithi, usifundishe ukiwa umepandwa na hasira. Adabu ifanyike kama kawaida yenu, akitakiwa kuokota aokote, ila mazungumzo ya Mungu yaache mpaka wote mmetulia, jioni, au mkiwa njiani mnatembea, au mnakunja nguo, maana watoto wanaongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakolosai (3:21) kina baba wasiwachokoze watoto wao "wasije wakakata tamaa", na mtoto aliyekata tamaa humfundishi toba, unamfundisha kuigiza tu.

Anza na kutenganisha vitu. Mtoto mdogo kwake kila kinachomfanya mkubwa apandishe sauti ni kibaya sawasawa, kumwaga maji na kudanganya vyote anaviweka fungu moja, na hata baadhi yetu watu wazima bado tunafanya hivyo. Kuna kamchezo karahisi sana. Mwambie visa vitatu afu muulize kipi ni dhambi: mtoto kajikwaa kaangusha sahani, mtoto kaangusha sahani makusudi kwa sababu amenuna, mtoto kaangusha kwa bahati mbaya ila alipoulizwa akasema ni dada. Viwili vya kwanza wanajibu haraka. Cha tatu ndo wanaanza kubishana, mmoja atasema si dhambi maana hakukusudia, mwingine atasema ndiyo kwa sababu amesingizia, na hapo wewe nyamaza kwanza waache wabishane, usikimbilie kutoa jibu. Wakishafika wenyewe kwamba sahani haina shida, shida ni pale mdomo ulipomtupia dada, wameelewa kitu ambacho mahubiri ya saa nzima yasingewapa.

Waambie pia wazi wazi yale ambayo SIYO dhambi. Kuogopa si dhambi. Kulia, kukojoa kitandani, kufeli hesabu, kuumwa, kuzaliwa na ulemavu, hakuna dhambi hapo. Wanafunzi walipomwona yule mtu kipofu tangu kuzaliwa wakamuuliza Yesu nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, akawajibu "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake" (Yohana 9:3). Hasira nayo peke yake siyo dhambi, Waefeso 4:26 inasema mwe na hasira ila msitende dhambi, kwaiyo ishu ni unachokifanya na hiyo hasira. Na hili naomba usiliruke hata kama unaona aibu kulisema: mwambie mtoto kwamba mtu mkubwa akimshika au akimfanyia jambo baya, hiyo ni dhambi ya yule mkubwa, siyo yake, hata kama aliambiwa asiseme, hata kama alipewa zawadi. Watoto wanaoumizwa mara nyingi wanajiona wao ndo wachafu, na somo la dhambi lililofundishwa ovyo linaweza kumfunga mdomo kabisa.

Kuhusu umri hakuna saa inayogonga. Kanisa Katoliki linachukulia kwamba mtoto akifika miaka 7 hivi anaweza kupambanua mema na mabaya, ndo maana kitubio na komunyo ya kwanza vinaanza umri huo, Papa Pius X aliliwekea mkazo mwaka 1910. Makanisa mengine hayataji namba. Kwa mtoto chini ya hapo inatosha kujua vitu vichache: nimemuumiza mtu, ninasema samahani, ninarekebisha, Mungu ananipenda na anasamehe. Usimbebeshe zaidi ya hapo.

Na angalia lugha, kwa sababu watoto wanachukua neno kama lilivyo. Ukimwambia "moyo wako umekuwa mweusi" kuna mtoto atashika kifua usiku kucha akidhani kuna kitu kimeoza ndani. Zile kurasa za rangi za sandei skuli, nyeusi dhambi, nyekundu damu ya Yesu, nyeupe moyo safi, ni za zamani mno, mhubiri Charles Spurgeon wa London alikuwa anazieleza tangu 1866. Mimi binafsi siipendi ile ya kwanza. Mtoto mwenye ngozi nyeusi amekaa pale mbele anasikia nyeusi ni uchafu na nyeupe ndo usafi, unadhani anaondoka na nini? Biblia imejaa picha nyingine, kuna deni, kuna kupotea njia, kuna giza na nuru, chagua mojawapo uende nayo.

Hadithi ndo mwalimu mkubwa kuliko maelezo, ila simulia vizuri. Ya Adamu na Hawa wengi tunaishia kwenye tunda na nyoka, wakati kwa mtoto utamu uko baada ya pale. Wamekula, wamejificha. Mungu anaita "Uko wapi?" Adamu anasema ni huyu mwanamke uliyenipa, mwanamke anasema ni nyoka. Simama hapo, uliza: "hii umewahi kuiona mahali?" Watacheka, maana ndo kitu kinachotokea kila siku kati yao na ndugu zao. Afu usiwanyime mwisho wake, kwamba kabla ya kuwatoa bustanini Mungu mwenyewe aliwatengenezea mavazi ya ngozi akawavika (Mwanzo 3:21). Adhabu ipo na upendo upo, vyote kwenye sura moja.

Kwa wakubwa kidogo, wa miaka 9 kwenda mbele, hakuna inayoshinda ya nabii Nathani na mfalme Daudi, 2 Samweli 12. Mambo ya Bathsheba unaweza kuyapitia kwa kifupi, sema Daudi alichukua mke wa mtu na akafanya mpango mume akafa vitani, basi inatosha. Halafu simulia taratibu ule mfano wa maskini na mwanakondoo wake mmoja aliyemlea, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake, na tajiri mwenye makundi akaenda kumchukua huyo huyo mmoja akamchinjia mgeni. Watoto watakasirika kweli, na Daudi naye alikasirika, akasema mtu huyo anastahili kufa. Ndo Nathani akamwambia "Wewe ndiwe mtu huyo." Nyamaza hapo usiongeze neno. Kuona dhambi ya mwingine kila mtu anaweza, kazi ipo kwenye kuona yako, na hadithi inamfikisha mtoto pale bila wewe kumnyooshea kidole.

Sasa kuna yule mtoto mzuri. Anatii, anafanya homuweki, hajibu vibaya, na kila ukifundisha dhambi anamwangalia kaka yake. Huyu ana hatari ambayo hatuioni. Msomee Luka 18, Farisayo na mtoza ushuru, mmoja anamhesabia Mungu mazuri yake na mwingine amesimama mbali anajipiga kifua, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Au ile ya mwana mpotevu lakini isome mpaka mwisho, yule kaka mkubwa aliyegoma kuingia ndani naye baba alitoka nje kumsihi. Warumi 3:23 inasema wote wamefanya dhambi, na wote ni pamoja na mwalimu wa sandei skuli, mchungaji, na wewe mzazi.

Ndo maana bila wewe kuomba msamaha nyumbani somo hili halitashika. Ukimpigia mtoto kelele kwa jambo ambalo hakufanya, na anajua kabisa hakufanya, afu unapita kimya kama hakijatokea kitu, umeshamfundisha kwamba toba ni ya watoto. Mwite, mwambie "nimekukosea, nilikusingizia, naomba unisamehe", bila kumalizia na "lakini na wewe bwana..." Ile lakini inafuta yote.

Kuomba msamaha kwa Mungu mfundishe kwa maneno yake mwenyewe. Ile sala ya "nisamehe dhambi zangu zote" inateleza tu mdomoni, muulize taratibu ni kipi hasa. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Kuna kitu unataka kumwambia Mungu?"
"Nilichukua kalamu ya mwenzangu."
"Sawa. Mwambie hivyo hivyo."
"Mungu, nilichukua kalamu ya mwenzangu nikasema ni yangu. Nisamehe."
"Amesikia. Sasa kalamu iko wapi?"

Hilo swali la mwisho usilisahau. Kusamehewa hakufanyi kalamu iwe yako. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, hakuishia kumkaribisha Yesu nyumbani, alisema aliyemtoza kwa hila atamrudishia mara nne. Mtoto akirudisha akiwa na wewe pembeni, wewe usimsemee, kaa karibu tu, ataona aibu kidogo na hiyo aibu haina ubaya. Ubaya ni kumsimamisha mbele ya klasi nzima aungame, hiyo achana nayo kabisa. Hali kadhalika zile wito za kuinua mikono kwa pamoja, wanaookoka wainue mkono: watoto huinua kwa sababu aliye pembeni ameinua, na Jumapili ijayo watainua tena. Mtoto anayetaka kumpa Yesu maisha yake kaa naye pembeni, muulize ameelewa nini, msikilize.

Akiuliza kwa nini sasa Yesu afe, kwani Mungu hawezi kusamehe tu? Swali zuri, usimkaripie. Hapa mfano wa deni unasaidia: anayesamehe deni ndiye anayebeba hasara, haipotei hewani. Mungu hakutafuta mtu wa kumpiga badala yetu, ni yeye mwenyewe katika Kristo aliyebeba. Kwa mtoto hapo panatosha, mengine atakua nayo.

Na mtoto ajue msamaha umekamilika. 1 Yohana 1:9 waikariri, "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Halafu wewe usiende kukumbushia kosa la mwezi uliopita kila ukikasirika, maana utakuwa unampinga Mungu nyumbani kwako. Wasimulie Petro, aliyemkana Yesu mara tatu akiota moto wa makaa, na baada ya ufufuo Yesu akamkuta ufuoni, moto wa makaa tena, akamuuliza mara tatu kama anampenda, kisha akampa kazi ya kulisha kondoo. Hakusimangwa, alipewa kazi.

Kusamehe wengine kunafuata penyewe kwenye Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 akaenda kumkaba mwenzake kwa dinari 100. Wapigie hesabu, wanapenda: dinari moja ni kibarua cha siku moja, talanta moja ni kama dinari 6,000, kwaiyo deni la kwanza ni vibarua vya siku milioni 60 na la pili ni miezi mitatu na kitu. Wataguna wenyewe. Ila kusamehe isiwe kulazimishwa kukumbatiana wakati mwenzake bado analia, na isiwe kamwe kumficha mtu anayemuumiza.

Atarudia kosa lile lile, tena kesho yake. Usimwambie "si ulitubu jana?", njia ni ile ile ya jana, aseme, aombe, arekebishe. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa mtoto wa aina nyingine, yule anayetubu mno, kila usiku anaorodhesha, anaogopa kulala kwa sababu huenda kasahau moja. Huyo usimwongezee mafundisho ya dhambi. Mpe kanuni fupi: unataja jambo moja, unashukuru, unalala, na ukisahau mengine Mungu hajasahau kukupenda. Wiki chache zikipita bado halali au hali vizuri, ongea na mchungaji au padri mwenye utulivu na watoto, na pia mpeleke kwa daktari au mshauri wa watoto, maana hofu ya namna hiyo mara nyingine ni ugonjwa na ina matibabu yake.